Mshororo wa Tatu

Juzi nilimwona binti yangu akihesabu mizani ya shairi kwa vidole, nikakumbuka alasiri moja darasani Tandale, harufu ya vitunguu vya sokoni ikiingia dirishani. Mwalimu wetu alikuwa ameandika ubaoni shairi la kumlilia mwanawe aliyezikwa wiki ile. Akauliza, "Mmelionaje?"

Nilihesabu mara mbili, kama mama alivyohesabu nyanya za fungu, nikanyoosha mkono. "Mwalimu, mshororo wa tatu umepungua mizani moja."

"Zuhura kiboko!" wenzangu wakashangilia.

Mwalimu alihesabu kwa vidole, taratibu. "Kweli," akasema, akafuta ubao wote. Mie nikadhani nimeshinda.

Siku hizi nikijaribu kulikumbuka shairi lile, napata hesabu tu. Jina la mtoto silipati.