Chiriku Ajiiga Mwenyewe

Ujanani alikuwa na bendi na nywele nyingi. Vyote viwili vilimkimbia, akabaki na kazi ya kufundisha watu kuendesha gari na jina la utani: Chiriku. Wimbo wake mmoja tu ndio uliokataa kuzeeka. Ulipigwa harusini, saluni, hata kwenye simu za watu wasiojua kama mwimbaji bado yu hai.

Siku yake ya kuzaliwa, binti yake aliuweka mtandaoni pamoja na picha za baba akiwa ndani ya suruali ya bwaga, zile pana za enzi hizo. Chai haijapoa, ukaondolewa. Familia, waliambiwa, ilikuwa imetumia mali ya mtu bila ruhusa.

Chiriku akaenda kumwona mtu huyo, mwenye studio waliyorekodia zamani. Wanabendi walimwita Tajiri tangu hajawa tajiri, kisha wakamsaidia kufika.

"Wimbo ni wako, kaka, nani kakataa?" Tajiri alisema kwa upole wa fisi anayelinda bucha. "Maneno yako, muziki wako. Ila sauti iliyorekodiwa ni yangu. Mlisaini."

"Na hii iliyomo kooni?"

"Hiyo baki nayo. Mkataba ulikuzuia kuurekodi tena kwa miaka kadhaa, na imeshapita. Rekodi upya ukitaka." Akatabasamu. "Kama bado inatoka."

Neno hilo la mwisho lilimchoma Chiriku kuliko mkataba wenyewe. Akamtafuta shemeji yake mpiga gitaa, ambaye sasa alikata vioo vya madirisha, na mpiga ngoma, ambaye bega lake lilistaafu kabla yake. Wakaingia studio ya chumba kimoja, magodoro yamebandikwa ukutani, chini ya fundi wa sauti, msichana mwenye umri mdogo kuliko wimbo wenyewe.

Nia ilikuwa moja: wimbo mpya ufanane na wa kale kama shilingi kwa ya pili, ili watu wauchukue huu, na Tajiri abaki na kanda zake akizipangusa vumbi.

Taabu ni kwamba rekodi ile ilipendwa kwa dosari zake. Gitaa halikuwa limekazwa sawasawa. Ngoma ilikuwa imepasuka, wakapiga sanduku la nguo. Na kile kilio cha Chiriku kilichowaliza watu, ambacho wajuzi wa redioni walikieleza kuwa jeraha la mapenzi, kilikuwa mafua.

Basi wazee watatu wakashinda asubuhi nzima wakikosea kwa ustadi. Shemeji alilegeza nyuzi. Mpiga ngoma alichapa sanduku. Chiriku, mwenye afya njema kwa bahati mbaya, akabana pua.

"Baba, unasikika kama bata," fundi wa sauti alisema, kwa heshima zote.

Wakarudia. Akawa bata mwenye huzuni.

Mkewe, aliyekuwa amemletea miwani, alisikiliza akiwa mlangoni.

"Baba watoto, unamwiga nani?"

"Mimi."

"Yule alikuwa ananibembeleza nimkubali. Nilishamkubali, nikamzalia, nikamuuguza. Bado analilia nini?"

Shemeji aliinamia gitaa lake kama aliyedondosha kitu ndani. Chiriku akaachia pua. Akaomba mwendo upunguzwe, akaimba kwa sauti aliyokuwa nayo: nzito, yenye mikwaruzo, isiyomwomba mtu chochote. Kwenye kiitikio ilitetemeka, na hakurudia. Mkewe alijikuta ameketi.

Wimbo ulipotoka, mabingwa wa mtandaoni waliushukia kama mwewe. Mmoja aliandika kwamba kuna babu anaharibu kazi ya marehemu Chiriku, na awaheshimu wafu. Redio hazikusoma hayo, zikaupiga, zikazoea.

Hata mwanafunzi wake mmoja, akiwa kwenye usukani, aliusikia redioni akaongeza sauti. "Mwalimu, huyu mzee kauharibu," akasema, "lakini sijui kwa nini sibadilishi stesheni."

"Tazama barabara," Chiriku alimjibu, akageukia dirishani ili asionekane uso.

Jioni hiyo Tajiri akapiga simu. "Kaka, hii mpya tuiwekee mkataba."

Chiriku alimwambia apige kesho. Kesho yake akamwambia hivyo hivyo. Tajiri ni mtu wa subira; mpaka leo anapiga.