Reli Mkononi mwa Zuwena

Mwezi uliopita, katika kutangatanga kwangu, nilisimama kwenye kituo kidogo cha reli huko Japani, nikatazama paa la treni ya umeme, nikakumbuka alasiri moja nyumbani Sidab, kijiji chetu cha wavuvi kisicho na reli.

Mjomba alikuwa ameniletea treni kama ile, ndogo, ya bati, yenye kimkono cha waya kilichosimama juu ya paa. Sikuwahi kuona treni, nikaamini kile ni erieli ya televisheni ya abiria. Zuwena, binti wa ami yangu, alikivunja, kisha akamwambia Bibi nimekivunja mimi. Nikachapwa.

Ilikuwa siku ya kuamkia Idi. Nyumba ilinukia udi na hina mbichi. Zuwena alikaa mkekani, mikono ameinyoosha, maua ya hina bado majimaji, hawezi hata kujikuna pua. Nikamjia taratibu na treni yangu.

"Usithubutu! Ntamwita Bibi!"

"Mwite. Mwambie tena nimekivunja mimi."

Nikaipitisha treni juu ya kiganja chake cha kulia, toka ncha ya kidole mpaka kwenye kifundo, polepole. Idi nzima aliwapa wageni mkono wenye reli. Nilichapwa tena, na sikulia.

Pale kituoni nilikiona kimkono cha kweli kikigusa waya wa umeme. Kumbe bila hicho treni haiendi popote. Zuwena aliniulia treni nzima, nami nikidhani kanivunjia erieli tu. Lau ningalijua, ningaliipitisha na juu ya mkono wake wa pili.