Jokha na Uvumilivu wa Kiingereza

Jokha alipigwa na mumewe kwa mkanda, kwa kiatu, na siku moja kwa pasi iliyokuwa bado na moto. Somo wake, kungwi wa harusi yake kule Unguja, alimfunda kwamba siri ya chumbani haivuki mlango, na kwamba mvumilivu hula mbivu. Basi alivumilia, tangu Mapinduzi yalipowatupa Landani yeye na mumewe, Matar. Hizo mbivu zilikuwa zinaiva wapi, Mungu ndiye ajuaye.

Jirani yake pale Walthamstow alikuwa Mama Sushila, mjane wa Kihindi mzaliwa wa Mombasa, mwenye ulimi mkali na Kiswahili kitamu. Yeye ndiye aliyemburura mpaka darasa la Kiingereza la jioni. Siku hiyo mwalimu aliandika ubaoni: *put up with*.

"Ndiyo kuvumilia," Mama Sushila akamnong'oneza.

Jokha alifurahi. Hilo alilijua kwa mwili mzima! Akanyoosha mkono, akasema kwamba mke mwema huvumilia yote: "A good wife puts up with everything."

Mwalimu akatikisa kichwa taratibu. Waingereza, alieleza, hawamsifu mtu kwa neno hilo. Hulitumia kwa kero, kama paa linalovuja au jirani mwenye makelele, na mara nyingi hulitumia kusema kwamba sasa basi, wamechoka.

Jokha alirudi nyumbani na hasira. Ikiwa uvumilivu si sifa, yeye alikuwa akipigwa kwa faida ya nani?

Matar alimngoja juu ya ngazi. "Umetoka wapi?"

"Darasani."

Matar akamsukuma, akaporomoka ngazi. Mkono wa kulia ukavunjika.

Kwao, mke aliyeonewa hurudi kwa wazee wake, na mume huja kuomba radhi na kumchukua. Landani Jokha hakuwa na wazee. Alipotoka hospitali, mkono umefungwa plasta, alikwenda kwa Mama Sushila.

Matar, aliyeikumbuka mila pale tu ilipomfaa, alikuja Ijumaa baada ya sala, kanzu safi, halua mkononi. "Mama, nimekuja kumchukua mke wangu."

"Hapa ndipo kwao sasa," alijibu Mama Sushila. "Na sisi wa kwao hatumtoi."

Matar aliitupa halua, akamzaba kofi bibi wa watu hata bibi akaanguka. Kisha akaanza kumpiga mateke.

Kipigo chake mwenyewe Jokha alikuwa amekizoea. Hiki hakukiweza. Alikamata mpini wa chuma cha chapati kilichokuwa jikoni kinapata moto, kwa mkono wa kushoto, akampiga nacho Matar usoni. Akampiga tena. Damu ikatapakaa kwenye kanzu, na Matar akapiga magoti.

"Nionee huruma, Jokha! Mimi mumeo!"

Jokha aliitafuta huruma moyoni mwake kote, hakuipata. Akainua chuma mara nyingine.

Mama Sushila, mdomo unamtoka damu, alimshika pindo la gauni pale pale sakafuni. "Basi, mwanangu. Huyu tuwaachie polisi."

Jokha alikishusha chuma, akitamani asingemsikia.