Risala ya Mama na Printa ya Sebuleni

Printa yangu inakaa sebuleni, mahali ambapo nyumba nyingine wanaweka televisheni, na mama ameifunika kwa kitambaa cha kufuma chenye maua ya njano. Kila ninapotaka kuchapisha kitu naondoa kitambaa, nakikunja, na nikimaliza nakirudisha maua yakiwa yameelekea mlangoni. Hakuna aliyeniagiza yaelekee mlangoni. Ni mimi tu. Yakielekea dirishani siwezi kukaa.

Bora niseme mapema kwamba mimi ni mtu wa wasiwasi. Nikituma ujumbe wa simu nausoma tena baada ya kuutuma, nikikuta nukta imekosekana nautuma upya na kuomba radhi, na aliyeupokea wala hakuwa ameona kosa. Kompyuta nilijifunza mwenyewe kwa kutazama video kwenye simu. Shida ya mtu aliyejifunza mwenyewe ni kwamba hana mwalimu wa kumwambia, "Inatosha, kalale." Ndiyo maana, duka moja la steshenari pale Mbulu mjini lilipobadilisha mashine na kuuza ya zamani, niliinunua. Nilikuja nayo nyumbani Endagikot kwa bodaboda, nimeikumbatia kama mgonjwa aliyeruhusiwa kutoka hospitali.

Mdogo wangu wa kiume, anayesoma chuo Babati, alikuja likizo akaizunguka kama mtu anayekagua ng'ombe mnadani.

"Dada, hii ni ya nini?"

"Ya kuchapishia."

"Kuchapisha nini? Siku hizi mtu anakutumia kwenye simu, unafungua, unasoma, imeisha. Kadi za harusi zenyewe zinakuja kwenye simu."

"Kuna vitu vinahitaji karatasi."

"Kama vipi?"

Nilianza kufikiri, na nilivyozidi kufikiri ndivyo alivyozidi kucheka. "Ukikumbuka nitumie meseji," akasema. "Usiichapishe."

Ukweli ni kwamba alikuwa na hoja. Vitu vingi nilivyochapisha vilikuwa vyangu mwenyewe, tena havikuwa na haraka. Kwenye kioo cha simu makosa yananifichia uso, lakini yakishatoka kwenye karatasi yananikodolea macho, nami nayasahihisha, nachapisha tena, naona mengine. Na karatasi za huku zina tabia zake. Msimu wa baridi ukungu unaingia hadi ndani ya nyumba, karatasi zinalegea na kunasa kwenye mashine. Ikabidi nizihifadhi jikoni, kwenye kichanja juu ya mafiga. Hazinasi tena, ila zinanuka moshi. Jirani mmoja niliyemchapishia barua ya kuomba kazi aliinusa akaniuliza kama nimeiandika au nimeipika.

Zilizoharibika nilikuwa naziacha palepale jikoni, mama anawashia moto. Asubuhi moja niliingia nikamkuta amechuchumaa na karatasi yangu mkononi, midomo inatembea. Lilikuwa tangazo la mkutano wa kikundi chao cha akina mama, lenye kichwa cha herufi kubwa. Alisoma kichwa kile chote bila kukwama, kisha akaikunja karatasi na kuisukuma motoni.

"Mama, mbona hujamalizia?"

"Hizo za chini ni ndogo. Zinakimbia."

Nilisimama pale sufuria ikichemka. Nyumbani kwetu ilijulikana kwamba mama hasomi. Miaka ya nyuma alipewa somo kwenye sala ya jumuiya, akapoteza mstari, akarudia mstari uleule mara mbili, na mdogo wake, mama yetu mdogo, akacheka mpaka benchi likatikisika. Tangu siku hiyo mama alikuwa akipewa kitu cha kusoma anasema, "Mimi si mtu wa kusoma," kwa sauti ileile ambayo mtu mwingine anasema hali pilipili. Tuliamini, na yeye aliamini. Miwani aliyonayo aliachiwa na bibi, na inamsaidia kuona mbuzi walioko ng'ambo ya korongo, basi.

Wiki ileile wanakikundi wakamtwisha mzigo. Mama ni mwenyekiti wa kikundi cha akina mama wanaolima vitunguu saumu. Walikuwa wanajiandaa kwa sherehe yao ya mavuno, na mgeni rasmi angetoka wilayani. Mgeni rasmi hawezi kuja bila kusomewa risala, na msomaji wa kikundi siku zote ni katibu, ambaye safari hii alikuwa Nangwa, kule Hanang, akimwuguza binti yake aliyejifungua. Wakasema mwenyekiti atasoma. Mama alirudi kutoka kikaoni akakaa kwenye kigoda na mtandio wake begani, hata chai hakuitaka.

"Wamenipa risala," alisema.

"Ya kuhusu nini?"

"Ya kuomba banda. Vitunguu vinaoza kwa kukosa pa kukaushia." Akauvuta mtandio. "Na huyo mama yako mdogo ameshasema atakaa mbele."

Hivyo ndivyo anavyomwita mdogo wake akiwa amemkasirikia. Mimi nilielewa vizuri. Banda lingeweza kuja mwaka huu au mwaka mwingine. Lakini mama akikwama tena mbele ya watu, akasikia tena kile kicheko, asingesimama popote kusoma maisha yake yote. Na nyumbani tunaongea Kiiraqw, kwa hiyo Kiswahili cha risala kwake ni nguo ya sikukuu, hakivaliwi kila siku.

Mdogo wangu alikuwa bado yuko likizo. "Hiyo ni rahisi," alisema. "Tunaiweka kwenye simu, tunakuza maandishi, mama anasoma."

Tulijaribu. Mama alishika simu kwa mikono miwili kama anashika yai. Kidole kikagusa kioo, maneno yakaruka hadi mwisho wa risala. Akayarudisha, kioo kikazima. Kikawaka tena, na katikati ya "Ndugu mgeni rasmi" ikaingia simu ya mama mdogo, akiuliza kama tumemwona kuku wake mwekundu.

"Tutazima laini," mdogo wangu akasema.

"Sawa," mama akasema. "Na nikimaliza kusoma namkabidhi nini? Simu yako?"

Mdogo wangu hakuwa amelifikiria hilo, wala mimi. Risala huku kwetu haiishi kwa kusomwa. Ukimaliza unatembea mpaka meza kuu, unainama kidogo, unaikabidhi kwa mikono miwili, mgeni anaipokea, na hapo ndipo vigelegele vinapigwa. Risala isiyokabidhiwa ni kama hujaomba kitu.

"Akiondoka nayo mpaka wilayani utaifuata?" mama akaendelea. Mdogo wangu aliichukua simu yake akaitia mfukoni.

Nikaondoa kitambaa. Nilichapisha sentensi moja kwa ukubwa mbalimbali, mama akawa anazishika moja moja kwa mbali na kuzirudisha, kama anachagua kitenge. Hii bado inakimbia. Hii inatembea. Hii imesimama. Ile iliyosimama ilikuwa na herufi kubwa kama punje za maharage, mistari michache tu kwa ukurasa, na risala yetu fupi ikageuka kitabu. Steshenari mjini nisingethubutu kumwomba mtu mchezo ule. Angenifukuza.

Tulifanya mazoezi nyuma ya nyumba, mama akiwasomea mbuzi. Kila neno lililomkwaza tulilibadilisha, nikarudi kuchapisha. Mimi nilikuwa nimeandika "tunakabiliwa na changamoto ya upotevu wa mazao baada ya mavuno." Mama aliisoma, pumzi ikamwishia katikati.

"Hili gari moshi la nini? Andika vitunguu vinaoza."

"Mama, ni risala."

"Kwani kwenye risala haviozi?"

Nilibishana naye, nakiri, kwa sababu nilikuwa nalipenda lile gari moshi langu. Lakini niliandika. Kisha, kwa vile siwezi kuacha kitu kilivyo, nikachukua kalamu nyekundu nikaongeza maelekezo pembeni: *Pumua. Mtazame mgeni. Hapa tabasamu.* Na mahali alipokuwa akikwama zaidi: *Usimtazame mama mdogo.* Kurasa za mwisho wino mweusi uliisha, zikatoka za bluu. Nilitaka kulia. Mama alizitazama akasema, "Vizuri. Nikiona bluu nitajua nimekaribia kufika."

Kwa ajili ya kukabidhi, nilikuwa nimeandaa mapema nakala nyingine: ukurasa mmoja, herufi za kawaida, pambizo zilizonyooka, ndani ya faili la plastiki. Mpango ulikuwa kwamba mama akimaliza atapita nilipokaa, atanipa kile kitabu chake, nitampa faili, ataenda meza kuu. Tuliufanyia mazoezi mpango huo pia. Mbuzi mmoja alikuwa mgeni rasmi.

Siku yenyewe upepo ulikuwa mkali, turubai linapigapiga. Akina mama wa kikundi cha Nangwa walikuwa wamealikwa, wakaja na katibu wetu, lakini risala ilishakuwa ya mama. Mgeni rasmi alikuwa mama mmoja mtu mzima, mpole, aliyepokea shikamoo za watoto wote mmoja mmoja. Mama mdogo alikuwa mstari wa mbele kabisa, na kitenge kipya. Mshereheshaji alipotangaza risala, niliinuka nusu kana kwamba nimeitwa mimi.

Mama alisimama, akavaa miwani ya bibi, akaivua, akaanza.

Sauti ya kwanza ilikuwa ndogo. Watu wa nyuma wakasema, "Hatusikii." Akatazama pembeni mwa karatasi, nami nikajua anasoma wino mwekundu, kwa sababu alipumua mpaka mabega yakapanda. Kisha akasoma kwa sauti ile anayoitia mbuzi ng'ambo ya korongo. Akageuza ukurasa. Akageuza mwingine. Alipofika kwenye "vitunguu vinaoza" akina mama wa Nangwa wakaitikia, "Kweli," kama wako kanisani. Alikwama mara moja. Mstari uleule wa mazoezini. Nilimwona mama mdogo akishika mdomo, na kidole cha mama kikitembea chini ya herufi moja baada ya nyingine, hadi neno likatoka, zima, na akaendelea. Alipoona bluu sauti ilipanda zaidi, hata mshereheshaji akasogeza kipaza sauti mbali naye.

Alimaliza. Vigelegele vikalipuka, kwaya ikaingia na wimbo, na mama akaanza kutembea kwa kucheza, kurasa zake kifuani. Nikasimama na faili langu. Akanipita. Hakuniona kabisa. Alienda moja kwa moja meza kuu, akainama, akamkabidhi mgeni rasmi kile kitabu cha herufi za maharage, chenye moshi, wino wa rangi mbili na maelekezo yangu yote. Mimi nikabaki nimesimama katikati ya uwanja na faili la plastiki, kama mhudumu wa hoteli ambaye hakuna aliyemwagiza chakula.

Nilikaa chini. Nilitamani turubai lituangukie.

Mgeni rasmi alifunua ukurasa wa kwanza, wa pili, akatabasamu. Alipoitwa kujibu, alisimama na kile kitabu mkononi. "Risala nimeipokea," alisema. "Na hapa nimeandikiwa nipumue." Akapumua, kweli, mbele ya watu. Watu wakacheka, na wa kwanza kucheka alikuwa mama. Mgeni akafunua zaidi. "Tena nimekatazwa kumtazama mama mdogo. Naomba nimwone ni nani."

Mama mdogo alijifunika uso kwa kitenge kipya. Jirani yake akaukamata mkono wake akauinua.

"Kumbe nilikuwa naogopwa hivyo?" mama mdogo akasema chini ya kitenge.

"Ulikuwa," mama akajibu kutoka upande wa pili.

Kuhusu banda, mgeni rasmi hakuahidi makubwa. Alisema ombi limesikika, litaingia kwenye mipango, atamtuma mtaalamu aje aone. Maneno ya wageni rasmi tunayajua. Lakini alikiweka kile kitabu kwenye mkoba wake mwenyewe, hakumpa mtu amshikie, na lile faili langu safi nililirudisha nyumbani kama lilivyotoka.

Mdogo wangu amesharudi chuoni. Bado anasema printa za nyumbani zinakufa, na mimi sijisumbui kubishana naye, maana kwa watu wengi huenda ni kweli. Mimi natafuta wino tu. Kwa sababu wiki mbili tatu baada ya sherehe, mwenyekiti wa kikundi cha Nangwa alishuka kwenye basi akaja nyumbani, mama mnene mwenye mwendo wa taratibu, akakaribishwa chai. Na wao wana sherehe, alisema, na risala amepangiwa yeye, na tangu apangiwe halali vizuri.

"Nilimwambia mama yako aje atusomee," akaniambia, "amekataa."

"Nimekataa," mama akasema. "Utasoma mwenyewe. Mbuzi wapo."

Yule mama aliweka kikombe chini, akaigeukia printa yangu.

"Basi herufi zangu," akasema, "ziwe kubwa kuliko zake."