Kitufe Nilichobofya Adhuhuri

Mimi na fundi Bakili tunapakana ukuta Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo. Nauza nyuzi, yeye anadarizi kanzu kwa mashine ya kompyuta. Mtu wa Lindi, mpole, ila kwa kompyuta yake ana ukaidi wa punda. Kila Machi na Septemba wenye programu hutoa toleo jipya, na kila ujumbe ukitokea kwenye skrini yeye hubofya "Hapana." Miaka kumi! Jambo lile lilinikereketa. Kipya kina nini mpaka mtu mzima akiogope?

Adhuhuri ikiadhiniwa husema, "Amira, niangalizie duka," nami nahamia kwenye kiti chake. Jumatatu ile ujumbe ukatokea mbele yangu. Wallahi sikuwa na nia mbaya, nilitaka kujua tu. Nikabofya "Ndiyo." Ikazunguka weee, ikazima, ikawaka na rangi nzuri. Nikajipongeza.

Bakili hata hajakaa vizuri aliporudi, akaingia Mauza, binti wa marehemu mzee Hamud wa Magomeni, na flashi mkononi.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mwanangu."

Ndoa yake ilikuwa Ijumaa. Kaka yake ndiye walii, na Mauza alitaka amwozeshe akiwa amevaa kanzu yenye nakshi ya shingoni aliyoichora baba yao, ikadariziwa hapahapa, jambo ambalo binti mwenyewe hakulijua. Kanzu ya mzee yenyewe ilishachakaa ikatupwa.

"Nimezunguka Kariakoo nzima, kompyuta zao mpya zinalikataa hili faili. Wamesema yako tu ndiyo italisoma."

Bakili akajaribu. Likagoma: toleo hili halisomi mafaili ya zamani. Akageuka.

"Amira?"

"Ni mimi," nikasema. Toleo la zamani halikurudi tena. Diski ya kulipakia ilishavunjika zamani. Mauza akalia, nami nikalia. Kiherehere changu!

Bakili hakunigombeza, na bora angenigombeza. Akavuta gunia chini ya meza. Kumbe kila nakshi huijaribu kwanza kwenye kipande cha kitambaa, akaandika jina na tarehe. Tukapekua mpaka alasiri. Cha mzee Hamud kilikuwa chini kabisa, kimefifia, lakini kila mshono upo.

Siku tatu akaichora upya kwenye kompyuta, mshono kwa mshono, mimi nikimletea chai bila kuagizwa. Alhamisi Mauza akaipapasa shingo ya kanzu kwa kidole.

"Ni yenyewe," akasema. "Hii ni ya baba."

Jumamosi, adhuhuri ikaadhiniwa. "Amira, niangalizie duka."

Yaani ameniamini tena! Nikakaa kwa furaha, nikanyoosha mkono mezani. Mausi ya kompyuta haipo. Kaichomoa, kaenda nayo msikitini.