Mgonjwa au Msafiri

Mama yangu ni mwalimu wa chuo cha Kurani hapa Palma. Watoto wa mtaa wetu karibu wote wamejifunza kusoma aya mbele yake. Pia ana sukari, na nesi alishamwonya kwamba funga itamuua. Mama hasikii la mtu. Aliwahi kula mchana wa Ramadhani mara moja tu, tulipomvusha mto wa mpakani pale Namoto kumpeleka hospitali ya Mtwara akiwa hajijui.

"Siku ile nalikuwa mgonjwa, tena safarini," husema. "Leo niko kwangu."

Ukaidi ule ulinitia hofu mpaka nikawa namkasirikia.

Wakati huo nilikuwa kwenye kozi ya kompyuta, inayofundishwa kwa Kireno. Tulipewa zoezi la kuandika programu ndogo: iulize mambo mawili, kisha iamue. Nikaandika ya funga. Kama mtu ni mgonjwa "e" ni msafiri, yaani yote mawili, ale. Nikajaza habari za mama, mgonjwa aliye nyumbani. Ikajibu: afunge.

Mama alikuwa mkekani kando yangu, midomo imemkauka kwa funga. Akachungulia.

"Waona? Hata komputadori yajua dini kukushinda."

Nikaikodolea macho ile herufi moja. "E" haikubali mpaka yote mawili yawe kweli. Mwalimu wangu hakunipa kanuni hiyo ya funga. Niliinyonya nyumbani, kwa mama. Nikaifuta nikaweka "ou", ambayo hutosheka na moja. Ikajibu: ale.

"Umeigeuza upate utakalo," akasema.

"Basi nisomee ile aya ya ruhusa, mama."

Akasoma kwa ghibu, kwa sauti yake ile tamu. Alipomtaja mgonjwa, kabla hajafika kwenye safari, akasita. Akarudia pale pale, kisha akasema polepole kwa Kiswahili, "Au."

Kanuni ya "au" niliyofundishwa darasani ilikuwa kinywani mwake tangu utotoni, amewasomesha watoto wa watu, na wala hakuwahi kuisikia. Sikujua kwamba rehema kubwa namna ile yaweza kukaa ndani ya neno dogo vile.

"Mwanangu," akasema, "niletee maji."

Nilimpa kikombe kwa mikono miwili. Akapiga bismillahi, akanywa, jua likiwa utosini na machozi yakimtoka. Kisha akaomba kingine.