Mke wangu aling'oa shamba la viazi la mama yangu, na ndivyo mbegu ilivyopona

Wakuu, salaam kwenu. Haya yametokea nyumbani kwetu Kiranjeranje, siyo chai.

Mama yangu ana mbegu yake ya viazi vitamu. Alipoolewa alikuja na marando yake, yaani vile vipande vya shina vya kupandia, kutoka kwao Umakondeni. Ndiyo tuliyokulia.

Masika iliyopita majani yakaanza kujikunja na kuwa ya njano. Mimea ikadumaa. Ukichimba, unakuta vijizizi kama vidole.

Majirani wakasema shamba limetupiwa jicho.

Mke wangu Zuhura akageuza jani. Inzi weupe wakaruka kama unga uliopulizwa. Akapiga picha, akamtumia bwana shamba. Jibu likaja: ni virusi, na hao wadudu ndio wanaovisambaza. Mmea ukishaugua hauponi tena, ng'oa.

Sasa nani amwambie mama? Mimi nilikuwa nazungukazunguka uani. Zuhura akaenda mwenyewe.

"Shikamoo mama. Lile shamba inabidi tuling'oe."

"Marahaba. Kang'oe la mama yako."

Wakuu, nilitamani ardhi ipasuke. Zuhura hakujibu kwa hasira. Alikaa mkekani, akachukua kisu, akaanza kumenya muhogo pamoja naye.

"Mama, mbegu inakufa. Niruhusu nichague marando mazima, yaliyobaki tuyachome. Tukiyaonea huruma, tunakosa yote."

Mama aliweka kisu chini. Kisha akabeba jembe, akatangulia shambani.

Siku ya kuchoma alilia. Zuhura alimshika mkono mpaka moto ukaisha.

Mazima yalikuwa machache sana. Zuhura aliyapanda mbali na shamba la zamani, akayafunika kwa neti ya kitalu. Kila asubuhi anakagua. Jani likijikunja tu, shina lote nje! (Hapo hata mimi nilimwona katili.)

Msimu huu tumevuna. Viazi vimejaa, vitamu vile vile vya utotoni.

Juzi wamekuja kina mama kutoka Miteja kumwomba mama marando. Akawajibu, "Mbegu si yangu tena. Muulizeni mwanangu Zuhura."

Hakusema mkwe. Alisema mwanangu. Nilijikuta natabasamu peke yangu kama mwehu.

Nilichojifunza: usichukue marando bila kukagua shamba yalikotoka, na mmea mgonjwa usiulee kwa sababu ya kumbukumbu.

Wa Lindi na kwingineko mnaopambana na inzi weupe, nyie mnafanyaje? Tiririkeni hapa, Zuhura anasoma kila komenti.